Kuti la Bibi wa Mlangoni

Kuna watu wakikohoa unawaambia pole. Bibi wa Mlangoni akikohoa, watu walivua viatu. Nimeona kwa macho yangu haya mawili askari mstaafu, mtu ana miguu kama magogo ya gati, kavua buti mbio mbio mpaka soksi moja ikabaki ndani. Kisa Bibi kakohoa. Tena kumbe safari hiyo alipaliwa na karanga.

Mlango wenyewe haukuwa wa nyumba yake. Ukitoka Kivinje ukashika njia ya minazi kuelekea mikokoni, utakuta kaburi la kale la mawe, na juu yake kibanda cha makuti kisicho na kuta, ila huku mbele kina miimo miwili na kizingiti. Ndiyo huo mlango. Unaweza kupita kushoto, unaweza kupita kulia, upepo unapita popote unapotaka, lakini mwanadamu anapita pale kwenye kizingiti tu, na pale kizingitini kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda kulikuwa na Bibi. Mahali tunapaita Kwa Mwenyewe. Huyo mwenyewe ni nani, usiniulize mie. Wengine wanasema shehe mkubwa aliyekuja na Kurani kichwani mwake, wengine wanasema pale palikuwa pakizuriwa hata kabla ya huyo shehe. Jina halitajwi. Watu wanakuja kuomba mvua, kuomba watoto, kuondoa nadhiri, kuaga kabla ya safari. Na mara moja kwa mwaka tunakuja wote, na sufuria zetu, kwa ziara yenyewe.

Umri wa Bibi haukujulikana. Ukimuuliza anakwambia, "Mie mkubwa kwa huo mnazi, mdogo kwa hilo kaburi." Nikamwambia, "Basi mke wangu, hapo katikati panaingia watu wote wa Lindi waliokwisha kufa." Akanitupia kandambili. Kandambili ilikuwa yangu.

Namwita mke wangu kwa sababu yeye alikuwa bibi wa mtaa mzima, na mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni mume, ndivyo tulivyozaliwa tukakuta. Kila mwanamume wa Kivinje aliye chini ya makamo alikuwa mume wake. Mie nilikuwa mume wa karibu, kwa sababu kazi yangu ni kukwea minazi, na minazi ya pale ndiyo niliyokuwa nikiikwea. Nikiwa juu namsikia chini ananiambia, "Mume wangu, ukianguka anguka upande ule, hapa nimeshafagia."

Sheria za pale alizijua kama mtu anavyojua jino lake bovu. Kwanza viatu. Halafu mtungi wa maji na kata yake ya kifuu: unanawa, unasukutua. Halafu unapiga hodi, unaingia kwa mguu wa kulia, unatoa salamu, unaomba unachoomba kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Kutoka, unatoka kinyumenyume, usimpe Mwenyewe mgongo. Na usichukue kitu. Hata mchanga. Alikuwa akiwakung'uta watu pindo za kanzu pale kizingitini kama anafukuza kunguni. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa ufuta kutoka Mtama, mtu mwoga wa mambo hayo, akaambiwa arudi kinyumenyume na hakuambiwa aishie wapi. Wallahi jamaa akarudi vile vile mpaka kituo cha basi, na watu wanasema hata kwenye basi alikaa akitazama nyuma.

Maneno yake tunayo mpaka leo. Mtu akija anahema, pikipiki inamngoja barabarani, Bibi anamwambia, "Mwenyewe hana haraka. Haraka unayo wewe, iache hapo na viatu." Mtu akija kuomba mali nyingi, anamwambia, "Omba na pa kuiweka." Na kina mama wakimlaumu kwa kusengenya mahali patakatifu, anawaonyesha kidole chini. "Kizingiti kiko wapi? Kigoda kiko wapi?" Kwa kweli kigoda kilikuwa nje ya kizingiti, kwa upana wa kidole. Kule ndani Bibi alikuwa walii. Huku nje, kwa upana wa kidole kile kile, alijua nani kaachwa, nani karudiwa, na nani anadanganya kwamba karudiwa.

Simu alizipiga marufuku. Ukitaka kuingia, zima. Siku moja tumekaa kwenye dua, watu wameinamisha vichwa, machozi yanatoka, lisimu likapiga taarabu ya kutikisa fito. Kila mtu akajipapasa. Lilikuwa la Bibi. Akalitoa kwenye kanga, akalitazama kama halijui, akasema, "Mwenyewe anapigiwa," akatoka nalo nje, tukamsikia anauliza bei ya dagaa.

Na jua likianza kuzama anaanza kuniita. "Mume wangu, umemaliza? Nisindikize." Nikamwuliza, "Bibi, kutwa nzima unakaa na maiti, unaogopa nini?" Akasema, "Huyu namjua. Hao wa njiani siwajui."

Sasa niwaambie habari ya Mjapani, maana bila huyo Mjapani hamtamwelewa Bibi wa siku za mwisho.

Alikuja na jamaa mmoja anayeongoza wageni kwenye magofu ya Kisiwani. Mama wa makamo, mfupi, kofia pana. Wageni wa Bibi wa ng'ambo wote walikuwa wanafanana: wanasimama na viatu, wanapiga picha, wanaambiwa vua, wanacheka, wanavua kimoja. Bibi akajiandaa kukohoa. Hajakohoa, yule mama kavua viatu, kavipanga vizuri vinatazama nje. Akaenda kwenye mtungi mwenyewe. Akachota. Akamwagia mkono wa kushoto, akahamisha kata, akamwagia wa kulia, akahamisha tena, akatia maji kiganjani, akasukutua, akatema pembeni kwa adabu. Halafu akaiinua ile kata ikasimama wima, maji yaliyobaki yakateremka yakaosha mpini, akairudisha kifudifudi.

Bibi akanishika mkono. "Mume wangu, huyu kafundwa na nani?"

Yule mama akasimama mbele ya kaburi, akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, pa, pa! Kuku wakaruka. Bibi naye nusura aruke.

"Mwulize makofi ya nini, hapa hakuna ngoma!"

Mwongozaji akauliza, akajibiwa, akageuka. "Anasema kwao kuna mahali kama hapa, pa kale sana. Wananawa vile vile na kata. Yale makofi ni kumjulisha mwenyewe wa mahali kwamba mgeni kafika."

"Ahaa," Bibi akasema, "kumbe hodi! Hodi ya mikono. Mwambie marahaba."

"Hajakuamkia, Bibi."

"Kainama mara mbili, unataka aniamkie vipi, alale?"

Wakazungumza pale mpaka jua likageuka. Yule mama akatazama paa, akauliza makuti yana miaka mingapi. Bibi akacheka, akasema paa ni la juzi tu, kila likichoka linashushwa lote, linasukwa jipya. Yule mama akafurahi, akashika kifua. Mwongozaji akasema, "Anasema kwao pia. Pana mahali wanabomoa nyumba nzima ya ibada, wanaijenga upya pembeni, vile vile kama ilivyokuwa, kila baada ya miaka kadhaa. Ni mpya, lakini ni ile ile ya kale."

"Mwulize kama wanaezeka mabati."

Akaulizwa. Akatikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka. Majani. Magome ya miti. Kazi ya mikono.

"Basi hao," Bibi akasema, "ni watu wenye akili."

Jamani, toka siku hiyo tulikoma. Kila ubishi Bibi alikuwa anautoa Japani. Mtu hataki kunawa? "Hata Japani wananawa." Mtu kachelewa ziara? "Japani huchelewi." Tukabishana naye habari ya kutia nazi kwenye maharage, akasema Japani wanatia. Na ile kata! Kesho yake tu alianza kufundisha watu kuisimamisha wima ioshe mpini. Mwezi haujaisha nikamsikia anamkaripia mtu wa Mitole, "Simamisha kata! Ndivyo walivyofanya wazee wetu!" Nikamtazama. Akanitazama. Akasema taratibu, "Wazee ni wazee, mume wangu, wa huku na wa kule." Leo hii nenda Kwa Mwenyewe, utakuta watu wazima wanakuapia kwamba kata imesimamishwa pale toka enzi za masultani.

Lakini habari ya paa ilikuwa ya kweli, na ilikuwa yetu kabla ya Mjapani yeyote. Paa lile haliezekwi na fundi akalipwa. Kila nyumba inaleta kuti lake. Moja, limesukwa na mikono ya watu wa nyumba ile ile, si la kununua, si la kuazima, si la kusukiwa na jirani. Na kila nyumba ina mahali pake juu. Sie wanaume tunapanda, tunafunga. Nyumba isipoleta, mahali pake pabaki wazi. Msidhani natia chumvi, hapa sitii: pabaki wazi kabisa, tundu, mvua inaingia, jua linaingia, na kila anayekuja kuzuru anatazama juu anauliza, "Hapo pa nani?" Kuna ukoo mmoja, siutaji, waligombana wao kwa wao mwaka mmoja wa kuezeka wakakosa kuleta. Tulikaa kwenye dua tukiona kunguru anapita. Paa lilipoezekwa tena hawakuleta kuti moja, walileta matatu.

Na aliyekuwa akisema "pabaki wazi" alikuwa Bibi wa Mlangoni. Hakuwa na huruma hata chembe. Mtu anakuja na udhuru, mke kajifungua, mume yuko Kilangala kwenye mihogo, Bibi anasikiliza mpaka mwisho, anampa pole kwa moyo wote, halafu anasema, "Basi pabaki wazi."

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na mtu mmoja. Mume wake wa kweli alishatangulia. Binti yake aliolewa Mtama, na binti aliyeolewa anasukia kwa mumewe. Kwa hiyo kuti la nyumba ya Bibi lilisukwa na Bibi, na lilikuwa zuri kuliko yote, limebana, ungeweza kutekea maji. Mahali pake palikuwa juu ya mlango hasa.

Halafu vidole vikaanza kujikunja.

Alivificha. Kwanza alisema kagongwa na mchi. Halafu akaanza kukaa na mikono ndani ya kanga, hata kwenye joto la kuivisha mayai. Salamu akawa anapokea kwa kidevu. Nikamletea dafu, akasema, "Weka hapo chini, mume wangu, sina kiu." Nikaliweka. Nikageuka kidogo nikamwona analibeba kwa viwiko viwili kama kaa. Nikageuka tena upande wa pili nikatazama mnazi. Mnazi wenyewe haukuwa na kitu.

Na mwaka ule makuti yalikuwa yamechoka. Paa lilikuwa limebaki kama ndevu za mbuzi. Lazima liezekwe upya kabla ya ziara. Kivinje yote ilijua, hakuna aliyesema: safari hii tundu litakuwa juu ya mlango.

Hapo ndipo akatokea Tajiri wa Mabati. Ni mtoto wa hapa hapa, biashara zake Dar. Hana ubaya, msimfikirie vibaya, ana moyo mkubwa na gari kubwa, na tumbo linajitahidi kuvifikia. Ijumaa moja baada ya sala akatukusanya pale Kwa Mwenyewe, gari limejaa mabati ya buluu yanang'aa kama bahari iliyooshwa.

"Wazee wangu, mama zangu," akasema, "mimi nimeonelea tupumzike. Kila mara makuti, makuti. Watu wamekwenda mijini, mikono imechoka." Akamtazama Bibi, halafu haraka haraka akatazama pengine. "Natoa bati, natoa misumari, natoa fundi. Paa moja, maisha."

Watu wakaguna vizuri. Nami niliguna, nisiwafiche, maana anayekwea kukata yale matawi yote ni mie. Imamu wetu, mtu mpole, akasema jambo la heri halikataliwi, lakini mwenye neno la mlango ni Bibi. Wote tukamgeukia.

Niliona mlango wa Bibi wa kutokea, ndugu zangu. Paa la bati halina kuti la mtu. Halina mahali pa mtu. Halina tundu. Alichotakiwa kusema ni "Amina" tu, aibu yake imezikwa, tena mtu mwingine kagharamia mazishi.

Bibi akakohoa. Tajiri wa Mabati alikuwa ameshavua viatu, akatazama miguu yake asijue avue nini tena.

"Mwanangu, ahsante. Mungu akuzidishie. Hebu niambie, mvua ikipiga juu ya hilo bati, dua tutaisikia?"

"Tutaweka spika, Bibi."

"Aa. Na hili bati ni la nyumba ipi?"

"Langu, Bibi. Natoa kwa niaba ya wote."

"Kwa hiyo wote tutakuwa tumelala kwako."

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, mtu mzuri yule. "Sikusudii hivyo, Bibi."

"Najua hukukusudia. Na kuti letu sie tutaliweka wapi?"

"Halitakuwa na haja tena."

"Ndiyo hapo sasa," Bibi akasema. "Hata Japani hawajafika hapo."

Imamu akainama akajifanya anatafuta tasbihi, mabega yanamtikisika. Mabati tukayaweka juu ya banda la kupikia pilau, na fundi akafanya kazi yake, na mpaka leo pilau letu halilowi. Na Tajiri akatumwa kwenda kumwambia mkewe wa mjini ajifunze kusuka, maana mahali pa nyumba ya mama yake palikuwa panamngoja.

Watu walipotawanyika nikabaki. Nikamwambia, "Mke wangu, mbona umejichongea? Ungekubali tu."

"Ningekubali kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya hivyo ulivyovificha humo kwenye kanga."

Nilidhani kandambili inakuja. Akaitoa mikono akaiweka mapajani, mara ya kwanza naiona toka aifiche. Vidole kama mizizi ya mkoko, kila kimoja kinakwenda kwake.

"Nyumba yangu ina mtu mmoja," akasema. "Pale juu pakibaki wazi, watu watasema nyumba ile imekwisha, na mie bado nakula wali. Nife kwanza, ndipo niishe. Sitaki kuanza na kuisha."

"Nikusukie mie. Nani atajua?"

"Weye? Kuti lako nalijua, mume wangu. Unasuka kama unavyosema: limejaa upepo. Na hata lingekuwa zuri, Mwenyewe hajui hesabu ya mikono?" Akairudisha mikono ndani. "Niletee tawi zuri. Hilo tu. Kukata ni kazi yako, haina ubaya."

Nikampelekea tawi. Kesho yake akataka lingine. Nikapeleka. Akataka lingine. Nilimpelekea matawi mpaka mnazi ukawa ukiniona unajificha. Nyumba yake ilikuwa imefungwa mlango mchana kweupe, yeye ambaye hakuwahi kufunga mlango hata akioga. Kwenye jiko la nje nikaona majani yaliyoharibika yamerundikwa kama kuni.

Siku moja kabla ya kuezeka nikapiga hodi, nikaingia bila kujibiwa. Alikuwa amekaa mkekani miguu ameinyoosha. Tawi kalibana kwa vidole vya miguu. Jani moja kaliuma kwa meno, lingine analisukuma kwa kiganja kilichokunjika, analipitisha chini, analirudisha juu. Linachomoka. Anaanza tena. Jasho linamtiririka mpaka kwenye masikio.

"Shikamoo, mke wangu."

"Mahaba," akasema na jani mdomoni.

Nikainama nishike ncha tu, ncha, ili tawi lisicheze.

Akatema jani. "Ukigusa, talaka!"

"Bibi, ncha tu."

"Talaka tatu. Kaa pale mbali." Akavuta pumzi. "Kama unataka kufanya kazi, nipige uongo. Kimya kinanikaza vidole."

Basi nikakaa pale kwenye kiambaza nikampiga uongo. Nikamwambia habari ya pweza aliyeingia Kivinje kununua sigara. Nikamwambia nilikwea mnazi mrefu mpaka nikakuta huko juu jamaa wa Mtwara anakwea mnazi wa kwao, tukapeana moto. Nikamwambia Japani kuna bibi kama yeye, kakaa kizingitini, anawaambia watu wake, "Hata Kilwa wanasimamisha kata." Hapo akacheka mpaka jani likamtoka, akanitukana, akalirudisha. Nilidanganya kutwa nzima, koo likanikauka, nikamaliza uongo wangu wote nikaanza kutumia wa baba yangu. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Tukasali, tukarudi, kila mtu kwenye kazi yake. Halafu nikasikia kimya, nikatazama. Alikuwa kaliinua kwa mikono miwili.

"Limekwisha," akasema.

Nikainuka nikanywa kata mbili za maji mfululizo, maana uongo wa kutwa nzima una kiu.

Kesho yake watu walijaa. Kuezeka Kwa Mwenyewe ni kazi, lakini utamu wake ni kejeli. Mie niko juu na kamba, chini wananipandishia makuti nyumba kwa nyumba, na kila kuti linalopanda lazima lisemwe. La nyumba ya Imamu likaambiwa limelegea kama hotuba yake. La wavuvi wa kule chini wakaambiwa wameacha macho makubwa, wamezoea nyavu. La mke wa Tajiri, mwanamke wa mjini wa watu, kucha zake ndefu za dukani zimekatika mbili, likaambiwa, "Hili limesukwa au limechatiwa?" Akacheka yeye kuliko wote, akashika kiuno, akajibu, "Mtaliona mvua ikija!" Wakampigia vigelegele. Kuti lako likipita bila kusemwa, basi hupo.

Likaja la Bibi wa Mlangoni.

Jamani, lilikuwa baya. Huku limebana, huku limefumuka, katikati linapinda kama barabara ya Mitole, na majani mengine yana alama za meno. Watu wakalipitisha mkono kwa mkono bila neno. Kina mama wakatazama chini. Mmoja akasema pole pole, "Limependeza, Bibi." Mwingine akasema, "Sana." Imamu akasema mashaallah. Uwanja mzima ukawa na adabu kama chumba cha mgonjwa.

Nikiwa kule juu nilimwona usoni. Alikuwa kwenye kigoda chake, mikono kaiacha nje safari hii, na anangoja. Anatazama mtu huyu, anatazama yule. Anangoja, na hakuna kinachokuja ila pole. Nikaona uso unaanza kunywea, kidogo kidogo, kama tui linalokatika.

Nikalishika lile kuti nikaliinua juu watu wote waone.

"Jamani Kivinje!" nikapiga kelele. "Hebu niambieni. Hili ni kuti, au ni kuku kagongwa na bodaboda?"

Imamu akafumba macho. Mama mmoja akaniangalia kama nimetemea mate futari.

Halafu nikasikia sauti kutoka mlangoni, ile ya kuvulisha watu viatu.

"Kuku ni mama yako aliyekutaga hapo juu! Funga kuti langu, mume wangu, lifunge kwa kamba mbili, hilo lina meno, lisije likakuuma!"

Uwanja ukalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mke wa Tajiri akapiga makofi, mtu akasema, "Bibi, na hili tundu hapa katikati la nini?" Bibi akajibu, "La kukuchungulia wewe ukisinzia kwenye dua!" Mwingine akasema, Bibi akajibu. Wa tatu, akajibu. Walimpokezana kama mpira, na kila aliyemrushia alirudishiwa moto, na uso wake ulikuwa umewaka kama taa mpya.

Nikalilaza juu ya mlango, mahali pa nyumba yake. Nikafunga kamba ya kwanza. Nikafunga ya pili. Machozi yalikuwa yananitoka, ni vumbi la makuti ya zamani, lina chumvi sana lile.

Nilipogeuka kupokea linalofuata, lilikuwa la nyumba yangu mie, na Bibi wa Mlangoni alikuwa ameshasimama juu ya kigoda, anasafisha koo.